Neno Hilo Halipo

Kila mchezo wa maneno una hakimu, na kila hakimu ana sentensi anayoipenda kuliko zote: neno hilo halipo. Unaandika neno ulilolisikia kwa mama yako tangu ukiwa mdogo, unabonyeza, na skrini inakujibu kwa utulivu wa karani wa dirishani kwamba hakuna kitu kama hicho. Wengi wetu hucheka, tukajaribu lingine. Mimi nataka tuisome sentensi hiyo jinsi tunavyosoma kauli ya mhusika katika riwaya: nani anasema, kwa mamlaka gani, na anamwambia nani.

Swali hili halikunijia Nairobi, ambako sote tunajifanya tunaongea Kiswahili kimoja. Lilinijia Turkana, kati ya Lodwar, Kakuma na Lokiriama, ambako Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu kwa watu wengi, na kwa sababu hiyo kila mtu ana chake. Nilikuwa nimeweka michezo 2 ya mafumbo ya maneno kwenye kompyuta moja, makusudi, ili niilinganishe. Michezo yenyewe ilikaa ndani ya kitu cha kizamani kinachoitwa BBS. Najua wengi wenu mmezaliwa baada ya kitu hicho kuzikwa, kwa hivyo wacha nikieleze kwanza.

BBS ni ubao wa matangazo, ila ubao wenyewe umo ndani ya kompyuta ya mtu. Wa kwanza kujulikana ulifunguliwa Chicago mnamo Februari 1978 na Ward Christensen na Randy Suess. Mtindo ulikuwa huu: kompyuta imeunganishwa na modemu, modemu imeunganishwa na laini ya simu ya mezani. Wewe ukiwa kwako unapiga ile namba, modemu 2 zinalialia zikisalimiana, halafu maandishi yanaanza kutiririka kwenye skrini yako. Unasoma walichoacha wengine, unaacha chako, unakata simu. Laini ni moja, kwa hivyo mgeni ni mmoja kwa wakati. Mwingine akipiga anasikia mlio kwamba laini inatumika, anasubiri. Mwaka 1984 Tom Jennings akaanzisha FidoNet, BBS nyingi zikaanza kupigiana simu usiku wa manane, bei ikiwa chini, na kupokezana barua. Kenya haikuwa mbali na mambo haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti ya kuuzwa haijafika, Environment Liaison Centre International pale Nairobi iliendesha kituo cha FidoNet kilichobeba barua za mashirika, zikapitia GreenNet ya London kwenda ulimwenguni.

Michezo iliingia BBS kupitia kitu walichokiita mlango. Programu ya ubao inaandika faili fupi: jina la aliyepiga simu, dakika alizobakiwa nazo, kasi ya modemu yake. Kisha inamfungulia mlango. Mchezo unaisoma faili hiyo, unamchezesha, na akimaliza unamrudisha ubaoni. Kwa kuwa kuna wengine wanaosubiri laini, michezo mingi iliwekewa kikomo: una zamu kadhaa kwa siku, zikiisha rudi kesho. Anayejua foleni ya jerikeni pale kwenye bomba la maji anaielewa sheria hiyo bila kuelezwa. Dunia ilipousifu mchezo wa Wordle mwaka 2021 kwa sababu unatoa fumbo 1 tu kwa siku, wengi waliona ni ubunifu wa kujinyima. Kwenye BBS hakuna aliyejinyima. Kulikuwa na mtu nyuma yako, basi.

Laini ya mezani ningeitoa wapi Lodwar? Na milio ya modemu huwezi kuipitisha kwenye simu ya mkononi, kwa sababu mtandao wa simu hubana sauti ukidhani ni mtu anaongea, na mlio ukishabanwa hausomeki tena. Kwa hivyo niliweka Synchronet, programu ya BBS ya bure ambayo bado inatunzwa, kwenye laptopu kuukuu. Nikaiunganisha na ruta ndogo ya Wi-Fi inayotumia betri na isiyo na intaneti yoyote. Mtu akikaa karibu anaingia kwa simu yake, kupitia programu ndogo ya terminali. Zile sheria za zamani nilizibakisha: mgeni mmoja kwa wakati, fumbo 1 kwa siku, maandishi matupu bila picha. Skrini nzima ya kizamani ni safu 80 kwa mistari 24, yaani herufi 1,920. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde iliijaza kwa sekunde 8 hivi. Picha moja unayotumiwa na shangazi asubuhi ina uzito wa skrini kama hizo makumi.

Marekani wapo wanaofanya hivi kama burudani ya kukumbuka ujana. Wanakusanya modemu kuukuu, wanafurahia rangi ya kijani kwenye kioo cheusi. Sina ugomvi nao. Lakini ukiketi mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka kama mbuzi asiyefungwa, kitu kinachofanya kazi bila intaneti hakina harufu ya makumbusho hata kidogo. Kinafanya kazi leo, na leo ndiyo inayotakiwa.

*

Mchezo wa kwanza niliouweka ulikuwa mfano wa Wordle, kwa Kiswahili. Visanduku 5, herufi 1 kila kisanduku, majaribio 6. Mnaujua. Kinachosemwa mara chache ni jinsi orodha yake ya maneno ilivyopatikana. Josh Wardle aliutengenezea mchezo huo mwenzi wake, Palak Shah, walipokuwa wakiishi Brooklyn. Kulikuwa na maneno ya Kiingereza ya herufi 5 yapatayo 12,000. Shah akayapitia moja baada ya jingine, akisema hili nalijua, hili silijui, hadi yakabaki kama 2,300. Yaani hakimu wa ule mchezo alikuwa sikio la mwanamke mmoja, na hapo sioni ubaya wowote. Ilikuwa zawadi kati ya wapenzi, na zawadi hupimwa kwa anayepewa. Januari 2022 New York Times wakaununua, na zawadi ikageuka kuwa sheria ya mamilioni ya watu. Tangu hapo umbo lile limeigwa katika lugha nyingi, kana kwamba visanduku 5 vya herufi ni kipimo cha asili kama siku au mwezi.

Sasa kipe Kiswahili kipimo hicho uone. Kisanduku cha mwisho karibu kila mara kitakuwa na vokali. Ukiacha maneno machache kama "takriban", neno letu halipendi kufia kwenye konsonanti, kwa hivyo kati ya herufi zote unabahatisha 5 tu. Herufi q na x hazina kazi. Herufi c haitembei bila h. Lakini hayo ni madogo. Tatizo lenyewe ni kwamba herufi zetu nyingi hazisikiki peke yake.

Mfano. Jibu la leo ni "nanga". Wewe umebahatisha "nyama". Mchezo unakupigia makofi: n ya kwanza iko mahali pake, a ya mwisho iko mahali pake, na a nyingine ipo ila imekaa kwingine. Herufi 3 kati ya 5! Unajiona umekaribia. Sasa yatamke maneno hayo kwa sauti: nya-ma, na-nga. Hakuna hata kipande kimoja kinachofanana. Ile n ya "nyama" si n ya "nanga". Ni nusu ya sauti nyingine kabisa ambayo tahajia yetu huiandika kwa herufi 2. Jicho limeambiwa ukweli na sikio limedanganywa. Kwa Kiingereza, ambako tahajia na sauti ziliachana zamani, mchezaji hushughulika na jicho tu na hakuna hasara. Kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto akishajua silabi anasoma chochote, kumfanya mtu asahau sikio lake ni kumpokonya silaha yake bora.

Mchezo wa pili kwa hivyo ulikuwa wa silabi. Visanduku 3, kila kimoja kinabeba silabi nzima. Ukipata silabi sawasawa unaona alama ya kujumlisha. Ukipata konsonanti na kukosa vokali, au kinyume chake, unaona kiwimbi, yaani umekaribia. Ukikosa vyote unaona nukta. Huhitaji rangi, na skrini ya BBS haina haja ya kujua zaidi.

Silidai kwamba nimevumbua kitu. Washairi wetu wamekuwa wakihesabu hivi tangu hapo. Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954, kipimo kilikuwa mizani, na mizani ni silabi: 8 upande huu, 8 upande ule, 16 kwa mshororo. Watoto wa pwani waliokuwa wakificha maneno kwa kinyume walichukua silabi ya mwisho wakaileta mbele, kesho ikawa shoke, na mtu mzima akabaki ameduwaa. Sheng ilifanya vivyo hivyo bila kuomba ruhusa: stori ikageuzwa risto. Hakuna msee wa Eastlands aliyekaa chini akageuza herufi moja moja. Aligeuza vipande vile vile ambavyo mshairi wa Mombasa angevihesabu kwa vidole. Kipimo kilikuwepo nyumbani, kinatumika na babu na mjukuu. Tulikipita tukaenda kuazima cha jirani.

*

Kakuma ndiko nilikoona jambo hili lina uzito kuliko nilivyodhani.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongomani, Warundi na wengine, kisha makazi ya Kalobeyei yakajengwa kando. Kutoka Lodwar ni kilomita 120 hivi. Ukisikiliza Kiswahili cha sokoni pale unasikia ramani nzima. Cha Kenya kipo, kimejaa "si unaona". Cha Kivu kipo, chenye m zilizovaa vokali. Kuna cha Mwethiopia aliyejifunzia dukani, na cha Mturkana aliyejifunzia shule.

Msichana mmoja kutoka Bukavu aliketi na mchezo wa kwanza, ule wa herufi. Akaandika neno la kwanza lililomjia: mutoto. Visanduku ni 5, neno lake lina herufi 6. Mchezo haukumwambia hata kwamba neno halipo. Ulikata herufi ya mwisho kimya kimya, ukabaki umeshika "mutot" kama mtu aliyeshika kandambili moja. Ndipo ukatoa hukumu: neno hilo halipo.

"Kwetu liko," akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayemsahihisha mgeni.

Alipohamia mchezo wa pili, jibu la siku lilikuwa "mtoto". Akaandika lake, mu-to-to. Na hapa ndipo nilipoinuka kitini. Katika Kiswahili sanifu ile m ya mwanzo inasimama peke yake kama silabi, na mshairi yeyote ataihesabu mizani kamili. M-to-to ni 3. Mu-to-to ni 3. Visanduku vyake vikajaa bila kubaki wala kuzidi, na alama zikatoka: kiwimbi, jumlisha, jumlisha. Umekaribia, sawa, sawa. Jaribu na mengine: fungua ya Nairobi ni fu-ngu-a, fungula ya Bukavu ni fu-ngu-la. Zinatofautiana kipande 1 tu, na mchezo unaonyesha ni kipi. Kipimo cha herufi kilimfungia mlango kwa sababu ya vokali moja. Kipimo cha silabi kilimpa kiti mezani kisha kikamwonyesha tofauti ilipo. Huo ndio ukosoaji wangu wote wa Wordle ya Kiswahili, kama unataka uufupishe: haijui kutofautisha kati ya mtu aliyekosea na mtu anayetoka kwingine.

Si jambo dogo kwa mtoto kama yule. Sentensi ile ile ameshaiona kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu. Najua hoja ya upande wa pili, na ni ya kweli: bila Kiswahili sanifu hatungekuwa na vitabu vya kusomea pamoja, wala mimi nisingeandika hapa nikaeleweka Mwanza. Lakini tukumbuke kilivyopatikana. Mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya usanifishaji ikiwa na Kiunguja kama msingi, na Kimvita cha Mombasa, chenye washairi wakubwa kuliko mahali pengi, kikabaki nje ya mlango. Orodha ya maneno ni uamuzi wa watu fulani waliokaa chumba fulani. Mtihani unaweza kuhitaji orodha iliyofungwa. Mchezo hauhitaji, na mchezo unaojifanya mtihani umepoteza furaha yake na haujapata heshima ya mtihani.

*

Kwa hivyo ile sentensi niliifuta. Mahali pake mchezo wa pili unasema: "Neno hili sijalisikia bado. Tutamwuliza mwingine." Neno linawekwa pembeni. Mchezaji mwingine, siku nyingine, akiliandika bila kujua, limepata shahidi wa pili na linaingia kwenye orodha. Hii ni kazi ambayo BBS inaifanya vizuri kuliko programu ya simu, kwa sababu ubao ni wa watu wanaojuana kwa majina na orodha iko palepale, faili moja la maandishi ambalo yeyote anaweza kulifungua akalisoma.

Sheria hiyo ina matundu, na ni haki yenu kuyajua. Matusi yalipata mashahidi haraka kuliko neno lolote la kamusi. Vijana 2 wa boda walikubaliana nje ya mlango na kuingiza jina la timu yao ya mpira. Na ipo aina ya neno ambalo mtu mmoja tu wa eneo zima analijua, mfiwa wa lugha kana kwamba, na hilo halitapata shahidi kamwe. Kanuni ya mashahidi 2 inawapendelea wenye jamaa wengi. Hata hivyo hakimu huyu ana sifa moja ambayo yule wa kwanza hana: anakubali kwamba kutojua ni kwake yeye, haliko kwa mchezaji.

Kulikuwa pia na swali la kushindwa. Wordle ukishindwa inakupa jibu na kukuachia aibu yako. Sisi tuna utaratibu wa zamani zaidi. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wasikilizaji wanajibu "Tega!", na kabla ya hapo hakuna fumbo lolote lililotolewa. Ukitazama vizuri, ndicho wanachofanya modemu 2 zinapolialia kabla ya kuandikiana: huyu yupo, na huyu yuko tayari. Wasikilizaji wakishindwa, mtegaji anadai: "Nipe mji." Wanampa mji, anaupokea, anasimulia alivyoenda huko na kukirimiwa, ndipo anafumbua. Aliyeshindwa hafukuzwi. Analipa, na malipo yake yanakuwa sehemu ya hadithi.

Nikaweka hivyo. Ukimaliza majaribio 6, mchezo unasema: nipe mji. Unaandika mji, na mji wako unabandikwa ubaoni pamoja na jibu la siku. Lodwar watu walitoa miji ya kutamba: Dubai, Mombasa, London. Kakuma ilikuwa tofauti. Bukavu. Uvira. Torit. Kismayu. Bukavu tena. Hakuna aliyewaambia watoe walikotoka. Ukisoma ubao ule kutoka juu hadi chini, kila siku ina fumbo lake, na chini yake majina ya miji ambayo waliyoyatoa hawawezi kuirudia kwa urahisi. Sikuwa na la kuongeza. Siku moja mtu alishindwa akaandika "Kakuma". Aliyemfuata akamwachia ujumbe: huo si mji wa kutoa, huo tunao.

*

Lokiriama iko magharibi ya Lodwar, upande wa Loima, karibu na mpaka wa Uganda. Waturkana na Wamatheniko, jirani zao wa upande wa Moroto, waliafikiana amani hapo mwaka 1973, na kila mwaka watu wa pande zote 2 hukutana kuyakumbuka mapatano hayo. Lugha zao ni ndugu. Mtu wa huku na mtu wa kule wanaelewana bila mkalimani. Kwenye karatasi ndipo wanapoachana. Chukua neno la maji. Upande wa Kenya wengi huandika ng'akipi. Upande wa Uganda huandika ŋakipi. Sauti ya kwanza ni ile ile. Huku imechukua alama 3, n na g na kile kijikoma cha juu. Kule imechukua herufi 1. Na hiyo herufi ŋ haimo kabisa kwenye jedwali la ASCII, lile la alama 128 ambalo BBS za kwanza zilijengwa juu yake. Ubao wangu wa kizamani ulifika mpakani ukiwa hauna hata herufi ya kuandikia maji ya upande wa pili.

Mfanyabiashara mmoja aliyetoka upande wa Moroto alipojaribu mchezo wa herufi, ulimshinda kabla hajaanza. Wa silabi ulikuwa na shida ya maandishi vile vile, lakini shida hiyo iliondolewa na mzee mmoja ambaye hasomi. Alikuwa ameketi kwenye ekicholong chake akitusikiliza. Akamwita kijana aliyeshika simu, akamwambia amtajie tu vipande na alama. Kijana akataja. Mzee akajibu kwa mdomo: nga, ki, pi. Kijana akaandika kwa tahajia ya shule, mfanyabiashara naye angeandika ya kwao, na hakuna aliyejali kwa sababu visanduku vilikuwa 3 kwa kila mtu. Kufikia jioni hakuna aliyekuwa akiitazama skrini isipokuwa yule kijana. Wengine wote walikuwa wakicheza kwa masikio, wakibishana.

Hili silikutegemea kulipata kwenye mchezo wa maandishi, na ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Mchezo wa herufi huwezi kuuchezesha kwa sauti kwa mtu asiyesoma. Herufi ya tatu ni ipi? Kwake hakuna kitu kama hicho. Lakini kipande cha tatu anakijua. Amekijua tangu alipoanza kuita ng'ombe kwa majina. Tunapochagua herufi kuwa kipimo cha fumbo tunakuwa tumeshaamua nani hatacheza, hata kabla hatujafungua kamusi.

Ubishi wao ulikuwa juu ya nini? Juu ya vokali ya mwisho. Katika Ng'aturkana vokali ya mwisho wa neno mara nyingi hunong'onwa tu, midomo inaiunda na sauti haitoki. Je, vokali iliyonong'onwa ni silabi au si silabi? Mzee alisema inahesabiwa, kwa kuwa bila hiyo neno limekatwa mkia. Kijana alisema haihesabiwi kwa kuwa haisikiki. Kiswahili nacho kina mitego ya aina hiyo. Neno "mbaya" katika mtu mbaya lina silabi 3, m-ba-ya, maana ile m ni ya mtu. Katika nyumba mbaya lina 2, mba-ya. Programu yangu inakata silabi kwa kanuni fupi, inasoma konsonanti hadi ikutane na vokali na kukata hapo, na haiwezi kujua kama kilicho kibaya ni mtu au nyumba. Lazima mtu aiambie.

Kwa hivyo silabi nayo si dawa ya kila kitu. Ina kingo zenye ukungu, na mtu anayetaka mchezo uliokamilika, usio na maswali, atapendelea visanduku 5 vya Brooklyn. Ninachosema ni kwamba ukungu huo uko mahali pazuri: uko pale pale ambapo wasemaji wenyewe wana la kubishania. Mchezo wa herufi unabishaniwa na kamusi. Huu unabishaniwa na mzee, kijana na mfanyabiashara wa Moroto, na kila mmoja ana hoja.

Wako wasee Nairobi wanaounda michezo ya maneno ya Kiswahili sasa hivi, na wanaijua kazi yao kuliko mimi. Ningewaomba mambo 2. Kabla ya kunakili kile kisanduku, msomee mtu asiyesoma fumbo lako kwa sauti, uone kama anaweza kucheza. Halafu tafuta ndani ya programu yako ile sentensi inayosema neno hilo halipo, ujiulize ni nani uliyempa kazi ya kuisema. Yangu bado iko Lodwar, laptopu ile ile kwenye betri ile ile. Faili la maneno lina safu 2, neno na idadi ya mashahidi wake. Mutoto ana 9. Fungula ana 4. Lile la vokali iliyonong'onwa tumeliandika mara 2, lenye mkia na lisilo na mkia, na yote 2 yanakubaliwa hadi Lokiriama waafikiane.